Mchenza Juu ya Matofali

Mlimau wa Salama ulikuwa umeketi chooni kwa zaidi ya miaka ishirini, na haukuonyesha dalili yoyote ya kutaka kuinuka. Mtu asicheke. Choo chenyewe kilikuwa cha heshima: cha kauri nyeupe, kilichong'olewa wakati wa vita katika nyumba ya mkubwa mmoja wa reli, kikatembezwa mjini juu ya mkokoteni kama kiti cha enzi, kikaishia katika kiwanja cha marehemu Bernadette, mtaa wa Mikelenge, mjini Kindu. Huko kilijazwa udongo wa mtoni na pumba za mpunga, kikakabidhiwa mlimau, na tangu siku hiyo kikawa choo pekee mjini kilichonukia maua.

Majirani wa mlimau huo nao hawakuwa watu wa hivi hivi. Mpera ulikaa ndani ya sanduku la risasi, na maandishi ya jeshi fulani bado yalisomeka ubavuni. Mstafeli ulikaa katika beseni la kuogea lililovunjika mguu mmoja. Miche ya parachichi ilijipanga ukutani ndani ya makopo ya mafuta ya msaada, kimya na wima, kama wanafunzi wa bweni wanaongoja uji. Na katikati kabisa ya kiwanja, juu ya matofali manne, ndani ya nusu ya pipa lililoliwa na kutu, ulisimama mchenza.

Kila chombo kilikuwa kimeinuliwa juu ya jiwe au tofali. Ukiinama ungeuona mwanga ukipita chini yake. Hapakuwa na mti hata mmoja wa Salama uliogusa ardhi ya Kindu.

Chini ya matofali yale manne alilala mwanawe.

Hilo walilijua watu wawili, na mmoja wao, Bernadette mwenyewe, alikuwa amezikwa wakati wa mvua zilizopita, kwa wimbo na kwa jeneza, makaburini, kama watu wanavyozikwa wakati wa amani. Alibaki Salama. Na sasa Gisèle, binti pekee wa marehemu, alikuwa ameshuka kutoka Kalima, alikoolewa na mchuuzi wa madini, kuja kuuza kiwanja.

Salama alipopata habari hiyo alikuwa akiyageuza makopo ya parachichi ili kila upande upate jua. Alisema, "Ni haki yako, mwanangu." Kisha aliendelea kugeuza makopo, moja baada ya jingine, hata yale aliyokwisha kuyageuza.

*

Aliingia Kindu mwaka wa 1999, kwa miguu, akitokea upande wa Kabambare, mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Mume wake alibaki kijijini, na kijiji chenyewe hakikubaki. Bernadette, mjane wa fundi wa reli, alimkuta ameketi katika kivuli cha ukuta wake, akamtazama kuanzia nyayo hadi utosi kama mtu anayepima kitambaa.

"Unajua kulima?"

"Ninajua, Yaya," alijibu Salama, akimwita kama mtu anavyomwita dada mkubwa.

"Basi ingia. Wanasema mugeni siku mbili, ya tatu mupe jembe. Zile mbili umezimaliza kwa kukalia ukuta wangu."

Akampa jembe palepale. Lakini kabla Salama hajaushika mpini, alisomewa sheria, na Bernadette aliisoma kwa sauti ya padri siku ya Majivu: "Panda mchicha, panda matembele, panda mahindi. Kile kinakufa ndani ya mwaka, kipande. Muti, hapana. Mugeni hapandi muti. Muti njo unasema, mwenye hapa ni huyu."

Salama hakushangaa. Hata kwao ilikuwa hivyo. Maneno ya wazee hufa pamoja na wazee, lakini mchikichi hubaki umesimama, na miaka hamsini baadaye mjukuu wa mgeni huja akaunyooshea kidole mbele ya baraza, akasema: babu yangu aliupanda ule, basi hapa ni kwetu. Tena alikuwa mgeni mwema, na mgeni mwema huitaja safari yake kila asubuhi ili mwenyeji asichoke. "Mambo yakitulia, naenda kwetu," alisema akikoroga uji. Bernadette aliitikia, "Haya." Uji ukanywewa.

Mambo hayakutulia. Wapiganaji wa Mayi-Mayi wakashika misitu, askari wakashika mji, na kati yao yakabaki mashamba, mabichi, yamejaa muhogo, hayafikiki. Aliyekwenda kuchimba muhogo wake aliulizwa na hawa: "Unampelekea adui chakula?" Na kabla hajarudi, aliulizwa na wale: "Unampelekea adui habari?" Maswali yalikuwa mawili na jibu lilikuwa moja, nalo lilitoka katika mtutu. Treni ililala stesheni hadi nyasi zikaota kati ya magurudumu. Watu wakala majani ambayo mbuzi wenyewe walikuwa wameyaheshimu.

Ndipo Salama alipoona tundu katika sheria.

"Yaya," alisema siku moja, akiwa amesimama kando ya nusu pipa aliyoiokota kando ya reli. "Muti ukikaa ndani ya pipa, umekaa wapi?"

Bernadette alilifikiria jambo hilo kwa uzito wa jaji. "Umekaa ndani ya pipa."

"Basi si ndani ya kiwanja."

"Weye unataka kunishinda kwa maneno?"

"Nataka tushibe tu, Yaya."

Bernadette alicheka hadi akazishika mbavu, na mbavu zenyewe siku hizo zilikuwa rahisi kuzishika. Kisha akatoa hukumu: mti ulio ndani ya chombo ni mzigo, na mgeni ana haki ya kuwa na mizigo. Kuanzia siku hiyo kila kitu chenye tumbo kilichotupwa na vita kikaingizwa uani, kikatobolewa chini kwa msumari wa moto, kikajazwa udongo. Mchenza Salama hakuuotesha kwa mbegu. Alimenya gamba la tawi la mchenza wa jirani, akalifunga donge la udongo kwa gunia hadi likatoa mizizi, kisha akalikata na kulitia katika pipa. Mti wa namna hiyo huzaa mapema, na hapakuwa na mtu Kindu aliyekuwa na muda wa kungoja.

Askari walipoonekana mwisho wa barabara, wale wanawake wawili waliiburura miti ndani ya nyumba kama watu wanaoficha mbuzi. Alasiri moja afande aliingia chumbani akaukuta mpera umelazwa kitandani, umefunikwa shuka hadi shingoni.

"Na huyu anaumwa nini?" aliuliza.

"Homa, afande," alijibu Bernadette.

Askari walicheka, wakala mapera yote mabichi, na kwa kuwa walikuwa wamecheka, hawakumpiga mtu.

Mchenza hawakuuingiza ndani, ulikuwa mzito. Ulilindwa na Mwamba, mtoto wa Salama, aliyekuwa na umri wa miaka minne na fimbo moja. Aliketi kando ya pipa kutwa nzima, akimfukuza Gisèle, aliyekuwa mkubwa kwake, asiyaguse machenza ambayo hayajaiva. "Ni yangu!" alipiga kelele. "Yako? Iko wapi jina?" Gisèle alimjibu, akamtolea ulimi. Kisha Mwamba akaacha kupiga kelele. Miguu yake ikavimba, nywele zake zikawa nyekundu na laini kama manyoya ya mahindi. Akawa anaketi tu, fimbo mapajani, akiyatazama machenza kama mtu anayetazama treni isiyotoka. Siku alipokufa yalikuwa bado ya kijani, magumu kama vifundo vya vidole.

Makaburi yalikuwa ng'ambo ya vizuizi vya askari. Na kama mgeni hapandi mti katika kiwanja cha watu, ataweza vipi kuzika? Kaburi lina mizizi kuliko mti. Salama alikuwa ameketi na mtoto wake mapajani, akilikunja na kulikunjua pindo la kitambaa, hana la kuomba, mvua kubwa ya mchana ilipoanza kuanguka na barabara ikabaki tupu. Bernadette alimpa Gisèle ndoo.

"Nenda kisimani."

"Mama, mvua!"

"Nimesema nenda!"

Mtoto alipotoka, Bernadette alichukua jembe, akatembea hadi katikati ya kiwanja, akaanza kuchimba.

Walipomaliza, walikuwa wamelowa kiasi kwamba haikujulikana nani alilia na nani hakulia. Bernadette alimshika Salama mabega. "Pasijulikane," alisema. "Ndugu za marehemu mume wangu wanatafuta sababu. Wakisikia nimezika mugeni hapa, watanitoa mimi pamoja na wewe. Usiweke alama. Jina lake tusilitaje. Gisèle akiuliza, amechukuliwa na baba yake mukubwa."

"Sitaweka alama, Yaya."

"Na muti usiguse ardhi."

"Hautagusa."

Kisha wakalisukuma pipa la mchenza, wakaliweka pale juu ya matofali, ili udongo mpya usionekane. Hivyo ndivyo mtoto alivyopata alama isiyo alama: kitu kinachoweza kuondolewa wakati wowote na mtu yeyote, mradi ana mgongo wenye nguvu.

Kiangazi kilichofuata Salama aliinama akaona, katika tundu la chini ya pipa, mzizi mmoja mweupe umejitokeza. Ulikuwa laini, mwembamba kama kidole cha mtoto, na ulikuwa ukinyooka kuelekea chini, katika ile nafasi ya mwanga, ukitafuta. Alichukua kisu akaukata. Kila kiangazi mizizi ilirudi, na kila kiangazi aliliinamisha pipa kwa gongo na kuikata, hata vita vilipoisha, hata treni ilipoanza tena kulia, hata pipa la kwanza lilipoliwa na kutu na kubadilishwa kwa jingine. Alikata vizuri. Hakuna aliyeweza kumlaumu kwa lolote.

*

Mnunuzi alikuwa Kambale, mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini, mtu wa kanisa, wa maduka na malori, mwenye sauti ya upole na macho ya kukagua. Alitaka kiwanja kwa ajili ya ghala. Alikuja pamoja na Gisèle na chefu wa avenyu, kiongozi wa serikali katika barabara ile, Papa Michel, ambaye kwa heshima ya tukio hilo alikuwa amevaa kofia, koti na kalamu tatu mfukoni, ingawa hapakuwa na kitu cha kuandika.

"Mimi ninauliza jambo moja," alisema Kambale. "Miti ni ya nani? Mwaka juzi nilinunua kiwanja Alunguli, mchikichi mmoja ukanishtaki. Ninasema ukweli mbele ya Mungu: mti! Wajukuu wa mtu walitoka huko Punia kuja kuutetea. Leo bado tuko barazani."

"Miti ni ya Mama Salama," alisema Gisèle. "Lakini angalia chini."

Kambale alikunja suruali yake, akapiga magoti, akachungulia chini ya choo. Akachungulia chini ya sanduku la risasi. Akaenda hivyo uani kote, mtu mzima mwenye malori, akiisujudia mizigo ya mwanamke maskini, na Papa Michel akimfuata nyuma, naye akichungulia, ili isije ikasemwa kwamba serikali haikuchungulia. Kwenye mchenza alipitisha mkono wake kati ya matofali, akaupeleka huku na huku. Salama aliutazama mkono ule ukitembea pale chini. Alitaka kusema, toa mkono wako.

"Hakuna kitu," alisema Kambale akijifuta vumbi. "Safi."

Papa Michel alikohoa. "Kwa mamlaka niliyonayo juu ya avenyu hii," alitangaza, "ninasema kwamba hii si miti. Hii ni mizigo." Akamgeukia Salama kwa wema. "Mama, umeishi hapa kwa adabu kubwa. Wangekuwa wote kama weye, mimi ningekuwa sina kazi."

"Aksanti, Papa Chefu," alisema Salama.

"Na gari ninatoa mimi," alisema Kambale. "Lori langu linakwenda Kasongo na Kabambare kuchukua mchele. Litakubeba wewe na mapipa yako yote hadi mlangoni kwenu. Hutalipa kitu."

"Mungu akubariki, Papa," alisema Salama, kwa kuwa ndivyo mtu anavyojibu anapopewa kitu bure.

Wakaenda zao. Yeye akaenda jikoni, akalifunika jiko ambalo halikuwa na moto.

*

Jioni, Gisèle aliketi naye kibarazani kuchagua mchele, kila mmoja na ungo wake. Alikuwa amenenepa huko Kalima, lakini alichagua mchele vilevile kama zamani, akiung'ata ulimi.

"Mama mudogo, umefurahi?"

"Nifurahie nini?"

"Safari! Miaka yote unasema, mambo yakitulia naenda kwetu. Nilipokuwa mutoto nililala nikiogopa nitaamka nikute umeenda." Alitupa kijiwe uani. "Njo sababu nilimukubalia Papa Kambale bei yake. Nilimwambia, lakini lori. Bila lori hakuna kiwanja. Mama alinisihi akiwa anakufa: ukiuza, usimutupe Salama. Murudishe kwao, pamoja na miti yake yote. Alilia, unajua? Muntu mwenye hakulia hata siku ya baba."

Salama alipepeta ungo wake. Pumba ziliinuka, zikakaa kidogo hewani, zikamwangukia mapajani. "Alilia nini?"

"Alisema weye haukupenda udongo wetu."

Ungo ulisimama.

"Alisema alikungojea upande muti. Alikungojea mpaka akachoka."

"Mama yako alinikataza," alisema Salama. "Kwa mdomo wake. Siku ya kwanza, na mara ya pili."

"Wakati wa vita, ndiyo! Wakati baba zangu wadogo walikuwa hai, wanatafuta namna ya kumufukuza. Lakini wa mwisho tulimuzika nikiwa bado sekondari. Baada ya pale nani angemuuliza? Akangoja."

"Kwa nini hakusema?"

Gisèle alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji hayapandi mlima. "Mwenye kiwanja hasemi. Atasema vipi? Kumwambia mugeni 'panda' ni kama kumwambia muntu 'nipende'. Mugeni anapanda mwenyewe, siku moja, bila kuomba. Mwenye kiwanja anaona, ananyamaza. Akinyamaza, imekwisha, mumekuwa ndugu. Si hata kwenu ni hivyo?"

"Kwetu," alisema Salama polepole, "mgeni hapandi mpaka mwenyeji amwambie."

Kuku mmoja alipita kati yao akadonoa mchele. Hakuna aliyemfukuza.

"Kila kiangazi alikaa dirishani," alisema Gisèle, sauti yake imeshuka. "Aliona unainamisha lile pipa, unakata. Akaniambia: angalia, Salama bado iko safarini."

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa. Wanawake wawili walikula chungu kimoja zaidi ya miaka ishirini, wakauguzana malaria, wakasukana nywele, wakatukanana kwa mapenzi kila asubuhi, na kila mmoja alikuwa amesimama upande wake wa mlango ulio wazi, akimngoja mwenzake aseme karibu. Adabu ilikaa kati yao kama mtu wa tatu, ikala chakula chao, ikanenepa. Salama alikumbuka kila "haya" ambayo Bernadette alimwitikia juu ya uji. Aliyachukulia kuwa ruhusa ya kuondoka. Sasa aliyasikia upya, moja moja, na katika kila moja lilikuwapo jambo ambalo halikusemwa.

Lakini si hilo lililomfanya aweke ungo chini na kuishikilia mikono yake kama vitu vya mtu mwingine. Ilikuwa ile mizizi. Kila kiangazi kitu kilinyoosha kidole kutoka gizani kumtafuta Mwamba. Na kila kiangazi, kabla hakijafika, mama mtu alikuja na kisu.

"Mama mudogo? Unaumwa?"

"Hapana," alisema Salama. "Mchele una vijiwe vingi."

*

Lori la Kambale liliingia kiwanjani kinyumenyume, likinguruma na kutoa moshi, na wapakiaji wakaanza kazi. Mlimau ulitoka kwanza. Wanaume wawili waliubeba ukiwa juu ya choo chake, mmoja mbele na mmoja nyuma, na barabara nzima ikasimama kuutazama ukipita.

"Mutupishe, mukubwa anatoka haja!" alipaza sauti mpakiaji wa mbele.

"Amemaliza?" aliuliza mwanamke mmoja ukutani.

"Miaka ishirini, Mama! Mutoto wa watu anaumwa tumbo!"

Watu walicheka, hata Papa Michel alicheka, kisha akakumbuka cheo chake. Mpera ukapanda lori. Beseni la kuogea likapanda. Makopo ya parachichi yakapitishwa mkono kwa mkono. Kiwanja kilibaki na alama za mraba na za duara, nyeupe, mahali ambapo jua halikuwa limefika kwa miaka mingi. Na kilikuwa kidogo kuliko Salama alivyokidhania.

Salama alikuwa amevaa kitenge chake cha safari. Usiku wa kuamkia siku hiyo hakuwa ameamua lolote. Alikuwa amefunga mafurushi, ameyahesabu, ameagana na majirani. Hata wapakiaji walipolikaribia pipa la mchenza na kutema mate viganjani, bado alikuwa mgeni mwema anayeondoka.

"Moja, mbili," alisema mpakiaji.

"Hilo liacheni."

Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini walisikia, wakaacha. Alikwenda jikoni akarudi na shoka la kuni. Pigo la kwanza lilitoboa kutu. La pili lilipasua pipa kutoka mdomoni hadi kitakoni, na bati likafunguka kama ganda. Ndani hapakuwa na udongo wa kutosha kujaza kofia ya chefu. Palikuwa na mizizi tu, iliyojizungusha mara elfu pale ilipokatazwa kutoka, imesukwa kama kikapu, imelishika umbo la pipa hata baada ya pipa kuondoka. Salama alipiga magoti. Akaanza kuifungua kwa vidole.

"Mama Salama!" Papa Michel alikuwa amefika mbio, kofia mkononi. "Unafanya nini?"

"Napanda."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Sijaomba."

Papa Michel aliivaa kofia yake, akaivua tena. Kambale ndiye aliyesema, kwa upole uleule, ila akimtazama Gisèle. "Dada, mimi nilipatana kiwanja kisicho na mti wa mtu. Huyu mama akifukia, mimi nina kesi nyingine. Mwambie. Wewe ndiye mwenye hapa."

Gisèle alikuja haraka, kanga ikimteleza kiunoni. "Mama mudogo, nakuomba. Kama ni yale maneno ya jana, ninayafuta. Unataka kupanda? Panda kule kwenye uzio, tutaongea naye. Lakini si hapa. Hapa ni katikati! Magari yatapita wapi? Kwa nini hapa?"

Salama aliyaondoa matofali, moja moja, akayaweka kando. Alivuta jembe. Hakuchimba kina, kina alikijua.

"Unakumbuka siku mama yako alikutuma kisimani?" alisema bila kuinua kichwa.

"Alinituma kila siku."

"Siku ya mvua."

Uso wa Gisèle ulikuwa wa mtu anayeshika kitu gizani na kukipapasa. "Niliuliza mara ngapi," alisema mwishoni. "Nani anamutuma mutoto maji, na maji yanaanguka? Nilifikiri alinichoka. Nilirudi nimelowa, ndoo imejaa yenyewe njiani, na mukasema Mwamba..." Alilitazama lile shimo dogo. Alitazama mahali matofali yalipokuwa. "Mukasema amechukuliwa na baba yake mukubwa."

"Ndiyo."

"Nilimuchukia. Aliondoka bila kuniaga."

Salama aliusogeza mti hadi ukingoni mwa shimo, akauingiza. Mizizi iliyofunguliwa ilining'inia, haijui iende wapi, ikashuka. Wapakiaji walisimama na mikono yao iliyotemewa mate. Kambale aliyatoa macho yake kwa Gisèle akayapeleka chini, na akakaa nayo huko kwa muda. Mtu anayechungulia chini ya vyombo vya watu hujua anachokiona. Alivua kofia ambayo hakuwa nayo, mkono ukapita tu kichwani. Kisha alimpungia dereva, na injini ikazimwa. Hakusema kwamba ananunua. Hakusema kwamba hanunui.

"Mwambie," alirudia Papa Michel, safari hii kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba aambiwe yeye.

Watu wote ukutani walikuwa wakimngoja Gisèle. Aliweza kusema neno moja tu, na neno hilo lilikuwa haki yake. Bei ilikwisha kukubaliwa, mume alikuwa akingoja Kalima. Alifungua mdomo. Mchenza, usio na pipa la kuuegemeza, ulianza kulala taratibu upande mmoja, na Gisèle akajikuta ameudaka shina kwa mkono.

"Umeinama," alisema.

"Upande gani?"

"Wa kwako."

"Basi vuta."

Gisèle alipiga magoti akauvuta, akaushikilia kwa mikono yote miwili, na hakusema neno jingine. Na Salama akaendelea kuusukuma udongo shimoni kwa viganja, bila haraka, akishindilia kidogo, akingoja kidogo, kama mtu ambaye bado anasubiri kukatazwa.